Siku 45 na sentensi zenye kasoro: shajara ya mradi

Siku ya 1

Nimeanza leo. Mtihani ninaojiandalia ni TOEFL ITP, unaopima Kiingereza cha watu ambao si lugha yao ya kwanza, na sehemu inayoninyima usingizi ni ya pili, ile ya sarufi: maswali 40 kwa dakika 25. Maswali 15 ya kwanza yana pengo la kujaza. Yale 25 yanayofuata yanakupa sentensi nzima yenye vipande vinne vilivyopigiwa mstari, nawe utaje kipande chenye kosa. Huambiwi usahihishe, unatakiwa kuonyesha tu. Ukigawanya muda, kila swali linapata sekunde 37 na nusu.

Nimejipima kwa saa ya simu. Nimepata 23 kati ya 40, na maswali matano ya mwisho sikuyafikia. Katika mtihani huu jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo hata hayo matano ningeyabahatisha kuliko kuyaacha wazi. Nimeandika kwenye jalada la daftari: nusu dakika ya mwisho ni ya kujaza mapengo yote.

Mpango ni siku 45, saa moja na nusu kila siku, na kila swali nitakalokosa liingie daftarini. Pamoja na maswali ya TOEFL nitatumia yale ya kusahihisha sentensi ya GMAT ya zamani, mtihani wa kuombea nafasi katika shule za biashara. Sehemu hiyo iliondolewa katika toleo jipya la GMAT lililoanza Novemba 2023, na toleo la zamani likafungwa mwishoni mwa Januari 2024, hivyo hakuna anayetahiniwa kwayo tena. Lakini maswali yake yamebaki, na ugumu wake unanifaa. Unapewa sentensi yenye sehemu iliyopigiwa mstari na machaguo matano. La kwanza linarudia maneno yaleyale, manne yanayabadilisha. Nikiweza kupembua hayo, naamini sentensi fupi za TOEFL hazitanitisha.

Siku ya 4

Daftari nililoanza nalo halinifundishi kitu. Lilikuwa na swali, jibu langu na jibu sahihi. Nikilifungua naona sentensi za volkano, nyuki na makumbusho, lakini sioni kwa nini nilikosa.

Nimelichora upya kwa safu tatu. Ya kwanza: sababu niliyojipa wakati nachagua. Ya pili: kanuni iliyovunjwa. Ya tatu: Kiswahili changu kilisema nini. Hii ya tatu imezaliwa na swali moja la leo asubuhi:

"Although the bridge was old, but it carried heavy trucks every day."

Nilisoma mara tatu nisione kosa. Kisha nikaisema kwa Kiswahili: ingawa daraja lilikuwa la zamani, lakini lilibeba malori mazito kila siku. Kwetu inapita. Wapo walimu wanaoipinga, lakini tunaisema na tunaiandika. Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja tu, ama "although" ama "but". Sikio lililoipitisha sentensi ile lilikuwa la Kiswahili, na mimi nilidhani nasikiliza Kiingereza.

Siku ya 7

Daftarini kuna makosa 48. Nimekaa nayo jioni nzima, na 19 kati yake yametoka mlemle kwenye safu ya tatu. Nayaandika makubwa ili niyajue kwa sura.

Kirejeshi: "The letter that the manager signed it yesterday was lost." Sisi tunasema barua ambayo meneja aliisaini, na hiyo "-i-" ndani ya kitenzi ni haki yake kuwapo. Kiingereza hakina nafasi hiyo. "That" imeshakalia kiti cha mtendwa, kwa hiyo "it" ni mgeni asiye na kiti.

Tangu: "She works here since 2015." Anafanya kazi hapa tangu 2015, ni Kiswahili safi. Kiingereza kinataka "has worked", kwa sababu jambo lilianza zamani na bado linaendelea. Kila nikiona "since" yenye mwaka mbele yake, jicho sasa linakimbilia kitenzi.

Orodha ya vitenzi: "The new machine sorts the letters, stamps them, and to count them." Hili limeniumiza. Kwetu mashine huchambua barua, huzigonga mihuri na kuzihesabu. Kitenzi cha mwisho kinaruhusiwa kuvaa "ku-" na sentensi inakuwa nzuri zaidi kwa hilo. Ndiyo maana vitenzi visivyolingana havinisumbui masikioni. Kiingereza kinataka vyote vivae sare moja: "sorts, stamps, counts".

Na "-ingi". Maji mengi, vitabu vingi: neno moja linahudumia kinachohesabika na kisichohesabika, nami nachanganya "much" na "many". Ajabu ni kwamba upande wa uchache tunatofautisha vizuri kabisa: watu wachache, maji kidogo. Hiyo ndiyo "fewer" na "less". Tangu nilipoigundua asubuhi sijakosa tena swali la aina hiyo.

Siku ya 11

"A", "an" na "the" tu, saa moja na nusu. "An hour" kwa sababu h haisikiki, "a university" kwa sababu sauti ya kwanza ni "yu". Hayo ni mepesi. Kinachonishinda ni pale kijineno kinapokosekana, maana jicho halioni kisichokuwapo. Kanuni ninayoishika kwa sasa ni kwamba nomino ya umoja inayohesabika haisimami uchi. Lazima itanguliwe na kitu: "a", "the", "this", "my", "each". Nikiikuta imesimama peke yake, nashuku.

Siku ya 15

Jaribio la pili. 24 kati ya 40. Wiki mbili, na nimeongeza alama moja.

Nilifunga daftari nikaenda kulala. Nimerudi usiku kuangalia hesabu kwa utulivu. Siku ya 1 nilijibu maswali 35 nikapata 23. Leo nimejibu 31 nikapata 24. Kwa hiyo ninapojibu, nakosea kidogo kuliko zamani. Kinachoniponza ni mwendo. Nimejaza kichwa kanuni, na kila sentensi naipitisha kwenye kanuni zote kama mlinzi anayempekua kila mtu kuanzia kofia hadi viatu. Sekunde 37 haziwezi kutosha kwa kazi hiyo.

Siku ya 17

Nataka niandike hili polepole kwa sababu nadhani ndilo nililokuwa nalitafuta.

Swali lilikuwa: "The scent of the flowers in these pots attract bees." Nilikuwa nimechoka, nikaanza kuitafsiri kwa sauti bila kukusudia. Harufu ya maua yaliyo katika vyungu hivi... na kabla sijafika kwenye kitenzi, mdomo ukawa umeshasema "inavutia". Kati ya harufu na kitenzi yamepita maua, vikapita na vyungu, lakini mdomo haukusema "yanavutia" wala "vinavutia". Ulikumbuka harufu. Kiima ni kimoja, kwa hiyo "attracts", na "attract" ndilo kosa. Sekunde tano.

Tangu utotoni tumefundishwa upatanisho wa kisarufi na lugha yenyewe, kabla ya mwalimu yeyote. Mtu aliyekulia katika ngeli hawezi kutamka kitenzi bila kujua ni cha nani. Kiingereza kinaficha uhusiano huo nyuma ya "s" moja ndogo, na watahini wanaitumia nafasi hiyo kupachika nomino za kupoteza njia kati ya kiima na kitenzi. Kumbe kifaa cha kuipita mitego hiyo ninacho. Nilikuwa nikikiacha mlangoni kila nilipoingia kwenye Kiingereza, kwa sababu tuliambiwa tufikiri kwa Kiingereza tupu.

Nimerudia maswali yote ya kiima na kitenzi niliyowahi kukosa. "The number of visitors have doubled": idadi ya wageni imeongezeka maradufu, kiambishi ni "i-", basi "has". "A number of visitors have complained": hapa Kiswahili ni wageni kadhaa wamelalamika, "wa-", basi "have". Maneno mawili yaliyonichanganya miaka mingi yametengana yenyewe. "Each of the players have a locker": kila mmoja wa wachezaji ana, haiwezekani "wana". Basi "has".

Kati ya maswali 14 ya namna hiyo nimepata 13. Nililokosa ni hili: "The teacher, along with her students, have arrived." Mwalimu pamoja na wanafunzi wake wamefika, hivyo ndivyo tunavyosema, na kwa Kiingereza ni kosa. Kilicho kati ya mikato miwili kinakunjwa na kuwekwa kando, anabaki mwalimu peke yake: "has". Kwa hiyo kifaa hiki kina mpaka, nami nimeuchorea mstari mwekundu: "along with", "as well as", "together with", hapo usisikilize mdomo.

Siku ya 19

Kiambishi kinafanya kazi nyingine ambayo sikuitarajia.

"Climbing the hill, the lights of the city came into view." Aina hii nilikuwa naijibu kwa kubahatisha, kwa sababu maana naielewa na kosa silioni. Leo nimelazimisha kitenzi cha kwanza kivae kiambishi. "Climbing" ni nani? Ukisema kwa Kiswahili huwezi kukwepa swali hilo: nikipanda, tukipanda, akipanda. Na kwa kuwa kiima kinachofuata mkato ni taa, sarufi inadai iwe "zikipanda kilima, taa za mji zilionekana". Taa zinapanda kilima! Kosa limejianika lenyewe.

Neno la Kiingereza lenye "-ing" limevuliwa kiambishi, na ndipo mtego unapotegwa. Nalivisha kiambishi cha nomino iliyo mara tu baada ya mkato. Kikiikaa, sentensi ni nzima. Kisipoikaa, natafuta chaguo linaloanza na mtu anayeweza kupanda.

Siku ya 22

Maswali ya GMAT leo, na ni siku tamu.

"The river dried up early, which forced the farmers to leave." Katika maandishi ya kawaida Waingereza na Wamarekani wengi huandika hivyo na hakuna anayeshtuka. Mtihani ule haukukubali: "which" ilitakiwa iwe na nomino ya kushika, na hapa nomino iliyo karibu ni mto, ilhali kilichowafukuza wakulima ni kule kukauka. Kiswahili kimelitatua zamani. Mto ulikauka mapema, jambo lililowalazimu wakulima kuhama. Tunaleta "jambo" ili kirejeshi kipate pa kushika. Ukiandika "uliowalazimu" umeurudisha mtoni. Kwa hiyo nikitafsiri "which" na mdomo ukaomba "jambo", najua chaguo hilo halifai, nami natafuta lenye "forcing the farmers to leave".

Na ulinganisho: "The wings of the eagle are wider than the crow." Mabawa ya tai ni mapana kuliko ya kunguru. Ile "ya" ya pili hatuwezi kuidondosha. Bila hiyo tunalinganisha mabawa na ndege mzima. Kiingereza kinaidai pia, ila inaitwa "those of". Kama ni bawa moja, "that of". Kijineno kidogo cha "-a" kinachomiliki ndicho kinachoamua.

Mdogo wangu alikuwa ameketi pembeni akinisikia nikinong'ona. "Dada, sasa huo mtihani wa Kiingereza unaujibu kwa Kiswahili?" Nikamwambia ndiyo, nusu yake. Akataka nimwonyeshe. Tumefanya maswali sita, yeye amepata manne, na kanuni hata moja hajawahi kuisoma.

Siku ya 26

"The doctor insisted that the patient rests for a week." Nilikuwa nimekariri orodha ya vitenzi: "insist", "demand", "recommend", "suggest". Sihitaji tena kuikariri yote. Daktari alisisitiza mgonjwa apumzike. Kitenzi kikiishia na "-e" ya amri au ombi, Kiingereza kinakiacha kitupu: "rest". Kama daktari angekuwa anaeleza habari tu, kwamba mgonjwa anapumzika kweli, tungesema "anapumzika", na "rests" ingesimama. Tofauti hiyo tunaitamka kila siku.

Siku ya 30

Jaribio la tatu: 31 kati ya 40. Mawili sikuyafikia, nikabahatisha yote mawili, moja likaingia.

Siku ya 33

Siku mbili zimepotea. Mkusanyo mmoja wa maswali ninaoutumia una majibu yasiyo sahihi, na sikulitambua hilo mapema. Ulidai "Neither the captain nor the players was ready" ni sahihi. Nikaiandika daftarini kama kanuni, nikakosa maswali matatu kwa kuifuata. Katika "neither... nor" kitenzi hufuata nomino iliyo karibu nacho, hapa ni "players", basi "were". Nilikuwa najua. Nilikubali kuyumbishwa na kitabu kwa sababu kimechapishwa, na hilo limeniudhi kuliko alama zenyewe.

Nimeuweka kando. Kipimo changu sasa ni maelezo: jibu lisiloeleza kosa liko wapi, likasema tu kwamba chaguo jingine "linasikika vizuri", siliamini.

Siku ya 37

Mwendo. Katika machaguo matano sisomi tena kila moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nayasoma kwa wima, kutoka juu kwenda chini, nikitazama yanapotengana. Mfano niliojitungia:

"Unlike the honeybee, which can sting a person only once, a wasp's sting can be used repeatedly."

Chukulia machaguo mawili yanaanza na "a wasp's sting", moja na "the sting of a wasp", na mawili na "a wasp". Yale matatu ya mwanzo yanamlinganisha nyuki na mwiba. Tofauti na nyuki, mwiba wa nyigu... hapana, nyuki alinganishwe na nyigu. Matatu yamekwenda kwa mtazamo mmoja, na kati ya mawili yaliyobaki mara nyingi moja lina kosa la wazi kama "a wasp are able". Nimeokoa nusu dakika bila kugusa maana ya sentensi nzima.

Kwenye maswali 25 ya TOEFL ya kutafuta kosa, mpangilio wangu umekuwa huu: kitenzi kwanza, nakitafutia mwenyewe. Kikiwa na mwenyewe, natazama viunganishi na orodha. Kisha viwakilishi. Sentensi ikibaki bila kosa hata moja, natazama kama kuna nomino iliyo uchi. Sipiti tena kwenye kila kanuni.

Siku ya 41

Maswali 60 mfululizo, nimekosa saba. Sitaki kuandika zaidi leo.

Siku ya 45

Jaribio la mwisho la mradi: 36 kati ya 40, na sekunde 50 zimebaki mkononi.

Nimeyaweka makosa manne mezani. Moja ni la kihusishi, "interested on" badala ya "interested in". Matatu yote ni ya "a" na "the". Nilipokwenda kuyaandika daftarini, safu ya kwanza ikajaa, ya pili ikajaa, ya tatu ikabaki tupu. Nimerudi nyuma kurasa nyingi: kila kosa la vijineno hivyo lina safu ya tatu tupu. Kwingine kote Kiswahili kilikuwa na la kusema, ama kunisaidia ama kunipotosha, lakini hapa nilikiona kimenyamaza, nami nikaamini hakina neno.

Nimekaa na hiyo safu tupu kama saa nzima. Halafu nimeandika sentensi mbili. Nimeona kitabu. Nimekiona kitabu. Ya kwanza ni kitabu chochote. Ya pili ni kile ambacho mimi nawe tunakijua. "I saw a book", "I saw the book". Kiambishi kimoja cha "-ki-" ndani ya kitenzi, nami nakitumia tangu nilipoanza kuzungumza.

Najua haitafaa kila mahali. Kiambishi hicho kinakaa kwa mtendwa, na nomino iliyo kiima haitanionyesha chochote. Vilevile viumbe wenye uhai hukipata hata pasipokuwa na maana hiyo, maana nimemwona mtu ni kawaida kwa mtu yeyote. Lakini daftarini nina makosa 22 ya vijineno, na kwa kuyahesabu haraka naona tisa yana nomino ya mtendwa isiyo na uhai. Kesho asubuhi naanza na hayo tisa, kiambishi kwa kiambishi, na nimeongeza siku 15 kwenye kalenda.